Mizimu ya Shamba na Wapelelezi Wake

Nyumba kubwa iliyojengwa kwa jasho la watu wasiolipwa haikosi mzuka. Huo ni ukweli wa hekaya, wala hauwezi kupimwa kwa mizani. Lakini hekaya nazo zina sababu zake, na sababu hizo hupuuzwa na watu wa aina mbili ambao, wakitazamwa kwa haraka, hawafanani hata kidogo. Mmoja ni yule anayeingia usiku katika nyumba kuukuu ya shamba akiwa na vyombo vyake vya kupimia mizimu. Wa pili ni yule anayeingia mchana katika kijiji cha Kasulu au Kibondo akiwa na kioo chake cha kufichulia wachawi. Wa kwanza hujiita mtafiti, na hula kwa tiketi za watazamaji. Wa pili hujiita mganga, na hula kwa michango ya wanakijiji. Kazi yao ni moja na kosa lao ni moja, ingawa madhara yao hayalingani, kama itakavyoonekana.

Hadithi za nyumba za namna hii si ngeni katika Afrika ya Mashariki. Huko Unguja, jumba la Dunga lililojengwa na Mwinyi Mkuu katikati ya karne ya 19 sasa ni magofu, na hadithi yake inajulikana: kwamba misingi ilipokuwa ikichimbwa watumwa waliuawa ili damu yao ichanganyike na chokaa, kuta zipate nguvu na nyumba ipate baraka. Hata mapema katika karne ya 20 watu walikuwa wakiliogopa jumba hilo. Mtu mwenye haraka huuliza, je, damu ilichanganywa kweli? Swali hilo si baya, lakini si la kwanza. Yeyote aliyeanza kuisimulia hadithi ile alijua jambo lisilohitaji ushahidi wa mfupa, kwamba jumba la mtawala lilisimama juu ya miili ya watu wengine. Na kwa kuwa hakuwa na daftari wala mahakama, aliliandika jambo hilo ukutani kwa damu ya maneno. Hekaya hiyo inamshitaki mwenye nyumba, na ifahamike hivyo, maana zipo nyingine zinazofanya kinyume chake.

Katika mji mdogo wa St. Francisville, jimbo la Louisiana nchini Marekani, ipo nyumba ya shamba iitwayo Myrtles. Ilijengwa mwaka 1796 na David Bradford, mwanasheria aliyekimbia Pennsylvania baada ya kushiriki katika uasi wa kodi ya pombe. Leo ni nyumba ya wageni, na sifa inayouzwa hapo kwa bei nzuri ni mizimu. Mzimu mkuu ni wa mtumwa mwanamke aitwaye Chloe. Yasimuliwa kwamba bwana wake, Clark Woodruff, mkwe wa Bradford, alimkata sikio kwa kosa la kudukiza mazungumzo ya wakubwa. Kwamba Chloe akafunga kilemba kuficha kovu. Kwamba akapika keki yenye sumu iliyomwua mke wa bwana pamoja na binti zake wawili. Na kwamba watumwa wenzake wakamnyonga kwa hofu na kumtupa mtoni. Wageni huonyeshwa ngazi anapopita, na kioo ambamo roho za mama na watoto zimefungwa.

Waliozipekua kumbukumbu za familia ile hawakumwona mtumwa yeyote wa jina hilo. Mke wa Woodruff alikufa mwaka 1823. Watoto wake wawili, mmoja wa kiume na mmoja wa kike, walikufa mwaka uliofuata. Na wote watatu waliuawa na homa ya manjano, ugonjwa ulioletwa na mbu wala si na mpishi. Mauaji yaliyothibitishwa katika nyumba hiyo ni ya mwanamume mmoja, William Winter, aliyepigwa risasi barazani mwaka 1871. Basi tazama kilichofanyika. Nyumba iliyokula nguvu za watumwa kwa zaidi ya nusu karne imekwenda kutafuta mhalifu wa kutisha, na ikamwona katika jiko, miongoni mwa watumwa wenyewe. Mtumwa asiyekuwapo amebebeshwa vifo vya homa. Mwenye mjeledi amebaki muungwana wa kusikitikiwa, mtu aliyefiwa na mke na watoto. Tiya Miles, mwanahistoria wa Marekani aliyeichunguza biashara hii katika kitabu chake cha mwaka 2015 juu ya hadithi za mizimu za Kusini, ameonyesha jinsi mateso ya watumwa yalivyogeuzwa kuwa maonyesho ya kuwafurahisha watalii. Ameyasema kwa upole wa mtu wa elimu. Kwa Kiswahili kisicho na upole, huko ni kumla mtu mara mbili, akiwa hai na akiwa amekufa.

Ndipo anapokuja mpelelezi. Ana kipimajoto, ana kinasa sauti, ana chombo cha kupima nguvu za umeme na sumaku. Hukaa gizani, huuliza maswali katika chumba kitupu, na sindano ikitikisika hupaza sauti kwamba Chloe amejibu. Upelelezi wa roho si jambo la juzi. Chama cha watu wenye elimu kilichoazimia kuyachunguza mambo hayo kwa utaratibu kiliundwa London mwaka 1882, na baadhi ya wanachama wake walikuwa wakweli wa nia. Mwaka 1998 Vic Tandy, mhandisi wa Kiingereza, alichapisha katika jarida la chama hicho habari ya maabara iliyosemekana kuwa na mzuka. Alikuta kwamba feni moja ilikuwa ikitoa mtikisiko wa sauti ya chini mno, wa mizunguko 19 hivi kwa sekunde, usiosikika kwa sikio. Naye akaeleza kuwa mtikisiko huo waweza kumtia mtu baridi na woga, na hata kumtia macho kiwi akaona kivuli pembeni. Feni ilipotengenezwa, mzuka ukatoweka. Upelelezi wa Tandy una faida, maana alikuwa tayari kukuta feni. Lakini kifaa, kiwe kizuri namna gani, hujibu swali aliloletewa. Aliyeingia Myrtles kuuliza kama Chloe yupo hatatoka na jina la hata mtu mmoja aliyechuma pamba ya nyumba ile.

Labda msomaji wa nyanda za juu za Kigoma atauliza yote hayo yanamhusu nini. Katika Kasulu na Kibondo hakuna nyumba ya bwana shamba yenye nguzo nyeupe na ngazi ya kupandia mizimu. Kuna vilima, migomba, mashamba ya maharage na mahindi, na barabara ndefu ya vumbi jekundu. Ni kweli, na kutokuwapo kwa nyumba hiyo ndiko kiini cha habari. Wakoloni hawakuifanya Buha nchi ya mashamba. Waliifanya nchi ya mikono. Nyumba kuu ya shamba la Waha ilikuwapo, ila ilijengwa mbali kwa safari ya siku nyingi, Tanga na Morogoro, katikati ya mkonge.

Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Dkt. Richard Hindorf, mtaalamu wa Kijerumani. Katika miche iliyosafirishwa kutoka Florida, 62 tu ndiyo iliyofika hai, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo yalienea mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuwa mzalishaji mkuu wa mkonge duniani, na mwaka 1964 mavuno yalifika tani zipatazo 230,000. Mkonge hauna huruma kwa mwenye kuukata: una mwiba nchani, una utomvu wa kuwasha, na hauna msimu wa kumpumzisha mtu. Wenyeji wa pwani waliokuwa na mashamba yao hawakuupenda, na hawakulazimika kuupenda. Kwa hiyo wenye mashamba walitafuta watu mahali ambapo kodi ilidaiwa kwa fedha na fedha haikuwapo. Reli ya Kati ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda ofisi yao ya kuajiri, iliyojulikana kwa jina la SILABU, na Buha ikawa mojawapo ya nchi zilizotegemewa kwa kutoa vijana.

Kijana wa Kibondo alikwenda kwa miguu au kwa gari mpaka relini, akapanda treni ya kwenda mashariki mpaka Morogoro. Na kama shamba lake lilikuwa upande wa Tanga alipakiwa tena gari, kwa kuwa hadi mwaka 1963 hapakuwa na reli ya kuunganisha njia mbili hizo. Alipofika alipewa namba, na kwa namba hiyo yeye na wenziwe wakaitwa manamba, jina ambalo mpaka leo hutajwa kwa dharau na watu ambao hawajapata kushika panga la mkonge. Alipewa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi, na siku hizo alitakiwa azitimize katika muda wa siku 42. Siku ambayo kazi yake haikutimia haikutiwa alama, na mshahara haukutoka mpaka kipande kijae. Alilala kambini, alikula posho aliyopimiwa, aliamshwa kabla ya mapambazuko. Nyumba ya bwana shamba aliiona kwa mbali, juu ya kilima, yenye baraza pana na taa.

Wengi walirudi na mablanketi, na makoti, na baadhi yao na baiskeli. Wengine walilowea huko na kuoa. Wengine walikufa kwa homa, kwa kuhara na kwa mashine, wakazikwa na watu wasiojua lugha yao, na habari ya kifo ilimfikia mama kwa mdomo wa msafiri au haikumfikia kabisa. Atakayefahamu mizimu ya Buha aanze hapa: katika uwanja wa nyumba ambamo mtu mmoja hajulikani kama ni hai au maiti. Na yakumbukwe pia mahame ya mashariki ya Kibondo, ambako katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu na kuwakusanya katika makazi mapya kwa ajili ya malale, wakayaacha makaburi ya wazee wao kwa mbung'o na wanyama. Nchi inayochukuliwa vijana kwa treni na kutengwa na makaburi yake kwa amri haihitaji nyumba yenye nguzo ili iwe na mizuka.

Sasa itazamwe habari ya msukule, inayosimuliwa Kigoma kama inavyosimuliwa mahali pengi pa Tanzania. Msukule ni mtu aliyedhaniwa amekufa, akaliliwa na kuzikwa. Kumbe kilichozikwa ni mgomba, na mwenyewe amechukuliwa kwa uchawi. Hukatwa ulimi asiweze kusema kwao ni wapi. Hulishwa pumba. Hufichwa mchana, na usiku hupelekwa shambani kulima, na mazao ni ya bwana wake. Hana jina wala ujira, na siku za kazi yake hazina mwisho. Akionekana tena na jamaa zake baada ya miaka, huwa amekonda, ana nywele na kucha ndefu, na hawezi kueleza alikokuwa.

Hakuna haja ya kudai kwamba imani hiyo ilizaliwa katika mkonge. Madai ya asili ya imani ni rahisi kutolewa na magumu kuthibitishwa. Yatosha kuiweka sura ya msukule ubavuni mwa sura ya manamba. Mmoja amepotezewa jina, mwingine amepewa namba. Mmoja hulishwa pumba, mwingine posho. Mmoja amezikwa mgomba badala yake, mwingine hakuzikwa na watu wake. Wote wawili hulima shamba lisilo lao kwa manufaa ya mtu asiyeonekana. Wala mfano huo hauko Tanzania peke yake. Huko Haiti, wakati nchi ilipokuwa imekaliwa na majeshi ya Marekani kuanzia mwaka 1915 hadi 1934, watu walisimulia habari za maiti waliofufuliwa ili wakate miwa katika mashamba ya kampuni ya sukari iliyoitwa Hasco. Mwandishi Mmarekani William Seabrook alikichapisha kisa hicho mwaka 1929, na sinema za nchi yake zikaichukua zombi na kuiacha kampuni. Kadhalika mumiani. Kamusi ya Kiswahili ya mwaka 1939, iliyosimamiwa na Frederick Johnson, yaeleza kuwa mumiani ni dawa nyeusi kama gundi, na kwamba watu wengi waliamini imetengenezwa kwa damu ya binadamu. Katika zama za ukoloni hofu hiyo ikapata magari, wazima moto na madaktari. Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000, alishauri kwamba masimulizi ya wanyonya damu yasomwe kama ushahidi wa historia, jinsi watu walivyoieleza nguvu iliyokuwa juu yao kwa maneno waliyokuwa nayo. Huo ni ushauri mwema, na ni ajabu kwamba umesikilizwa zaidi Ulaya na Marekani kuliko katika vyuo vya nchi yenyewe.

Maana katika vyuo vya nchi yenyewe mwanafunzi hutumwa kijijini na orodha. Akisikia msukule huandika msukule chini ya kichwa cha imani potofu. Akisikia mumiani huandika mumiani chini ya visasili au uvumi. Huhesabu, hupanga, hupewa alama, na kazi yake hutiwa kabatini. Haulizi bibi anayesimulia alizaliwa mwaka gani, baba yake alikwenda wapi, alirudi lini, alirudi na nini. Amefundishwa kwamba hekaya ni mali ya fasihi na kwamba kipande ni mali ya historia, na kwamba mwenye adabu hachungulii katika ua wa jirani. Mgawanyo huo wa elimu una faida kwa wanaotafuta vyeo. Kwa yule bibi hauna faida, na katika Kigoma umepata kuwa na hatari; kwa sababu wasomi wasipouliza maswali yao kwa njia iliyo njema, yuko mwingine anayeuliza yake kwa njia iliyo mbaya.

Huyo mwingine ana ukoo mrefu. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 walitokea Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, vijana waliojulikana kwa jina la mchape, wakaenea mpaka Rhodesia ya Kaskazini na Tanganyika. Audrey Richards, aliyeziona kazi zao kwa Wabemba, alieleza mwaka 1935 jinsi vijana hao, waliovaa nadhifu mavazi ya Kizungu, walivyowapanga wanakijiji mstari na kuwapitisha mmoja mmoja huku wakizikamata sura zao katika kioo kidogo. Aliyesemekana kuwa mchawi alidaiwa atoe pembe zake. Richards alizitazama pembe hizo zilizorundikwa, na nyingi mno zilikuwa vyombo vya dawa za kawaida. Mwaka 1968 Roy Willis alichapisha uchunguzi wake juu ya harakati za namna hiyo huko Ufipa, zikiitwa Kamchape. Jina hilo halijafa. Mkoani Kigoma linatumika katika zama hizi, pamoja na jina la lambalamba, kwa waganga wanaopita kijiji hadi kijiji wakipiga ramli na kutaja wachawi.

Kioo cha mchape na sindano ya mpelelezi wa Myrtles ni ndugu. Vyote viwili ni vyombo vya kigeni vilivyopewa heshima ya elimu. Vyote viwili huonyesha kile ambacho mwenye chombo amekwisha kukiamini. Na vyote viwili humwondolea mwenye nyumba kubwa mashaka na kuyapeleka jikoni. Jambo hili la mwisho ndilo zito. Hekaya ya msukule, ikiachwa katika umbo lake, yaweza kumshitaki yeyote anayenenepa kwa kazi ya wengine. Yaweza kumshitaki bwana shamba, na wakala wa kuajiri, na tajiri wa mjini. Akija mpiga ramli, hawezi kumtaja bwana shamba, kwa sababu bwana shamba yuko mbali, ana askari, na pengine amekwisha kurudi kwao; wala hawezi kulitaja shirika, kwa sababu shirika halina uso wa kukamatwa kiooni. Kijiji kimelipa kitajiwe mtu. Basi hutajwa aliye karibu na asiye na mtetezi: mjane mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni, mzee anayeishi peke yake, jirani aliyeezeka bati kabla ya wenziwe. Deni la watu waliopotea Tanga hudaiwa kwa mtu ambaye hajapata kufika hata Tabora.

Mwezi Oktoba mwaka 2014, katika kijiji cha Murufiti wilayani Kasulu, watu saba waliuawa kwa kuchomwa moto wakituhumiwa uchawi. Polisi walieleza kuwa watano kati yao walikuwa na umri wa zaidi ya miaka 60, na wawili walikuwa wamepita miaka 40. Watu 23 walishitakiwa kwa mauaji, na mganga wa kienyeji alikuwa miongoni mwa waliokamatwa. Kabla ya hapo, mwaka 2012, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilikuwa kimekadiria kuwa kati ya mwaka 2005 na 2011 watu wapatao 3,000 waliuawa nchini Tanzania na wenzao kwa tuhuma za uchawi. Kwa hiyo Murufiti haikuwa ajabu ya pekee, wala Waha si watu wakali kuliko wengine. Sifa mbaya ya uchawi ambayo watu wa miji mingine huwabandika Waha kwa mzaha ni sehemu ya ubaya huu, na msomi anayeucheka mzaha huo darasani anauongezea kuni.

Wako watakaosema kwamba sheria ipo. Ipo, tangu mwaka 1928, nayo inakataza kumtaja mtu kuwa mchawi na inakataza kujidai kuwa na uwezo wa kichawi. Lakini ni sheria ya mkoloni aliyetaka kutawala pande zote mbili: sheria hiyo hiyo ilimpa mkuu wa wilaya uwezo wa kumwamuru mtu anayetuhumiwa uchawi ahamie mahali pengine. Yaani serikali haiamini uchawi, ila mchawi ahame. Sheria yenye miguu miwili ya namna hiyo haiwezi kumfukuza mpiga ramli mwenye mguu mmoja.

Wako pia watakaosema kwamba kulinganisha maonyesho ya Louisiana na mauaji ya Kasulu ni kukosa kipimo, kwa kuwa yule wa kwanza hamwui mtu. Huuza tiketi, huwatia watu hofu ya kupendeza, na asubuhi kila mtu hunywa chai yake. Tofauti hiyo ni ya kweli, na mwenye kuipuuza hana akili. Lakini sababu ya tofauti ni kwamba Chloe hana mwili wa kuchomwa. Mafundisho ni yale yale: kwamba nyumba ikiwa na msiba, aulizwe nani katika walio chini ameuleta. Kule fundisho hilo limepata mtu wa kubuniwa. Kasulu limepata watu wenye majina, wenye watoto, wenye mashamba ya maharage yaliyokuwa yanangoja mvua.

Na wengine, wenye nia njema zaidi, watasema kwamba dawa ya haya ni sayansi. Kwamba Kasulu na Kibondo wapelekewe akina Tandy waonyeshe feni, na watu wataacha kuamini. Sayansi na ije, pamoja na zahanati, maana vifo vya watoto visivyoelezwa na daktari vitaelezwa na ramli. Walakini mtu aliyepotelewa na kaka yake katika safari ya mkonge hakukosea kuamini kwamba kaka yake alichukuliwa. Alichukuliwa kweli. Kumwambia kwamba msukule hayupo, kisha kunyamaza, ni kumnyang'anya hesabu yake bila kumpa nyingine. Daftari za waajiri na za mashamba, zilizobaki katika nyaraka za taifa na katika mikono ya watu, zina namba, vijiji na tarehe. Na vijiji hivyo vinaweza kuulizwa. Hiyo ni kazi ya kuchosha, haina giza wala mtikiso wa sindano, na hakuna atakayenunua tiketi aione. Nyumba za mabwana shamba wa zamani zimesalia upande wa Tanga, nyingine zikikaliwa, nyingine zikibomoka. Utalii hauna haya, na haitakuwa ajabu siku moja mtu mwerevu akatangaza malazi ya usiku mmoja pamoja na mzimu wa manamba. Ingefaa kabla ya siku hiyo ijulikane angalau manamba wangapi wa Kibondo walilala katika kambi iliyo chini ya nyumba ile, na wangapi hawakurudi.

Muda wa kuuliza si mrefu. Wale watano wa Murufiti waliopita umri wa miaka 60 walizaliwa kabla ya mwaka 1955, katika miaka ambayo SILABU ilikuwa ikiwachukua vijana wa Buha. Walikuwa watoto wa kizazi cha manamba. Wazee wa rika lao waliobaki Kasulu na Kibondo bado wanajua nani aliondoka na nani hakurudi, na kwa ujuzi huo huo wa mambo ya kale ndio wanaotazamwa kwa mashaka na vijana, na ndio ambao kioo cha mpiga ramli huwakamata kwanza.